Neno "run" la Kiingereza lina maana ngapi, na mfasiri ashike ipi?

Mfasiri wa Jioni aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, naomba msaada wenu katika jambo lililonitia aibu. Mwezi uliopita nilipewa kazi ya kufasiri kitabu cha maelekezo ya jenereta, kazi niliyoiona nyepesi kwa sababu sentensi zake zilikuwa fupi na msamiati wake haukuzidi ule wa kidato cha pili. Sentensi ya kwanza iliyonikwaza ilisema "Never leave the engine running indoors", nami, kwa kuwa shuleni tulikaririshwa kwamba "run" ni kukimbia, nikaandika "Usiache injini ikikimbia ndani ya nyumba". Mteja alinirudishia karatasi ikiwa imezungushiwa wino mwekundu, na pembeni ameandika kwamba jenereta yao haina miguu.

Nilipofungua kamusi ili nijisahihishe, nikazidi kuchanganyikiwa, maana mto, pua, rangi ya kitambaa, biashara, barabara na mgombea urais vyote vinatumia kitenzi hichohicho. Je, lipo wazo moja linaloziunganisha maana hizi, au kila moja inapaswa kukaririwa peke yake?

Mwalimu wa Sarufi alijibu:

Pole sana, lakini usijilaumu kupita kiasi, kwani umegongana na neno lililowatoa jasho hata wenye lugha yao. Katika toleo la pili la kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford, lililotoka mwaka 1989 likiwa na juzuu 20, neno lililochukua nafasi kubwa kuliko yote lilikuwa "set", lenye maana zipatazo 430. Toleo la tatu lilipoanza kuandaliwa, "set" lilipitwa na "make", kisha na "put", na mwaka 2011 likaja "run" lenye maana 645, hizo zikiwa za kitenzi pekee. Peter Gilliver, mhariri aliyelishughulikia neno hilo, alitumia miezi 9 kulipanga.

Hata hivyo, wazo la kuziunganisha lipo, na kosa la shule zetu ni kuanza na miguu. Katika Kiingereza cha kale palikuwa na vitenzi viwili vya ukoo mmoja: "rinnan", yaani kutiririka au kwenda mbio, na "ærnan", yaani kukifanya kitu kiende mbio, kama mtu anavyomkimbiza farasi. Wajerumani hadi leo wanacho "rinnen" cha maji na "rennen" cha mbio, kila kimoja na kazi yake, ilhali kwa Waingereza vile viwili vya kale viliyeyukiana vikawa kimoja. Kwa hiyo mto na pua havikuazima neno kutoka kwa mwanariadha. Kutiririka kumekuwamo tangu zamani. Vilevile, ndiyo sababu neno hilohilo hubeba kazi ambayo sisi tunaigawa kwa viambishi: gari linakwenda, dereva analiendesha, maji yanapita, fundi anayapitisha.

Kwa maoni yangu, mwenzake "run" katika Kiswahili ni "kwenda" zaidi kuliko "kukimbia". Sisi husema saa inakwenda, biashara inakwenda, na mwenye biashara anaiendesha. Ulinganifu huo unafika hata mahali pasipotajwa mezani: Waingereza wana "the runs", na sisi tuna tumbo la kuendesha.

Fundi Mitambo alijibu:

Mimi si mtu wa kamusi, lakini jenereta nimezifungua nyingi, na ninakushauri uulize kila mara ni kitu gani kinachotajwa, kisha uandike kile ambacho fundi angekisema mbele ya kitu hicho. Injini ikiwa "running", sisi tunasema imewashwa au inaunguruma, kwa hiyo sentensi yako ingetosha kabisa ikisema "Usiwashe jenereta ndani ya nyumba", na uiandike kwa herufi nzito, kwa sababu moshi wake huua watu wakiwa usingizini. Ukiambiwa u-"run" waya mbali na bomba la moshi, basi unaupitisha. Injini ikiwa "running rough", inamisi, yaani inaunguruma kwa kukatakata. Mafuta yakiwa "running out", yanaisha. Na ukikuta maneno "running in", hapo injini ni mpya na inazoeshwa kwa mzigo mdogo katika saa zake za mwanzo. Nimewahi kusoma maelekezo ya mtu aliyeandika kwamba injini "ikimbizwe ndani", nikajiuliza ikimbizwe na nani.

Msomaji wa Pwani alijibu:

Mbona tunawashangaa Waingereza wakati sisi tuna "piga"? Tunapiga simu, pasi, picha, kura, mswaki, magoti na hodi, na hakuna anayeumia. Rangi ya kanga inapochuja, Mwingereza anasema "runs", nasi tuna neno letu mahususi. Lakini mgeni anayejifunza Kiswahili naye analia na "piga" kama ndugu yetu anavyolia hapa.

Mwalimu wa Sarufi alijibu:

Mfano ni mzuri, ila naomba niutofautishe kidogo. Maana ya "piga" hukaa katika nomino inayofuata, hivyo ukishafika kwenye "pasi" au "kura" umeshajua kinachofanyika. "Run" mara nyingi haina kitu mbele yake, na jicho la msomaji hulazimika kurudi nyuma kumtazama mtenda: ni pua, ni mto, au ni injini? Inapokuwa na kihusishi, mambo hubadilika tena, na hata nchi huleta tofauti. Anayetaka kiti cha siasa Marekani "anakimbia", Uingereza "anasimama", na kwetu anagombea au, kama wasemavyo Wakenya wengi, anawania.

Mfasiri wa Jioni alijibu:

Nawashukuru nyote. Nimeirudia kazi kuanzia ukurasa wa kwanza kwa kanuni ya Fundi, na neno "kukimbia" halimo tena hata mara moja. Zimebaki sentensi mbili zinazonitisha kwa sababu zina maneno yaleyale yaliyogeuzwa. Sura ya pampu inasema "Never let the pump run dry", na sura ya usalama inasema "Do a dry run of the emergency shutdown". Nikizisoma pamoja, naona kama ya kwanza inakataza kile ambacho ya pili inaamuru.

Fundi Mitambo alijibu:

Hazigombani, lakini ukizichanganya utaunguza pampu ya watu. Ya kwanza ni "Usiache pampu ifanye kazi bila maji". Ya pili haihusiani na ukavu wowote: wanataka wafanyakazi wafanye zoezi la kuzima mtambo kwa dharura, kila mmoja aguse swichi yake na kutaja hatua yake, kabla siku ya hatari yenyewe haijafika. Andika "Fanyeni zoezi la kuzima mtambo kwa dharura", kisha umpe fundi wao asome kabla hujapeleka kuchapisha.