Tupeane uzoefu: mdau gani alikusimamishia mradi wa serikali?

Mleta mada
Wakuu, mimi ni fundi sanifu, barabara za vijijini huku Moshi. Nimechoka na vikao vya kutambulisha mradi: daftari la mahudhurio linajaa, soda zinanywewa, wiki ya pili greda limezuiwa.

Naanza na langu. Tulikuwa tunapanua barabara ya moramu kupanda Kibosho. Diwani anajua, mwenyekiti wa kijiji anajua, hata kanisani ilitangazwa. Siku ya tatu tukakata mfongo, yaani mfereji wa asili wa kumwagilia mashamba. Kwenye mchoro haukuwepo, na mimi niliuona kama kijifereji tu. Kumbe una wenyewe, una zamu, na migomba na kahawa za watu huko chini zinaungoja. Asubuhi tukakuta wazee wamekaa mbele ya mtambo, kimya, hakuna hata aliyetukana. Siku nne mtambo umelala, kodi yake inahesabiwa. Mwenyekiti naye hakuwa na la kusema, maana mambo ya maji hayako kwake, yako kwa meku wa mfongo, mzee anayeusimamia. Nikapelekwa nyumbani kwake, nimebeba mbege, pombe ya ndizi. Akasikiliza, akasema tupitishe kalavati, ila ukubwa atasema yeye. Siku hizi sipigi kigingi kabla sijatembea njia nzima kwa mguu na mtu wa maji.

Wa Sombetini
Mkuu, wewe afadhali ulikuta wazee. Sisi Arusha mjini tuliwaandikia wenye mabomba, wakagonga muhuri wa kupokea, tukaona yamekwisha. Muhuri hauhamishi bomba! Kijiko kimelipasua Ijumaa jioni, mtaa hauna maji mpaka Jumatatu. Walioijua njia ya lile bomba ni vijana wa bodaboda pale kijiweni. Hakuna aliyewauliza.

Bibi Vipimo
Kwangu ni fidia. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi (eneo la kando lililotengwa) ya barabara kuu na za mkoa kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande. Aliyejenga kihalali nje ya ile 22.5 kabla ya hapo ana haki ya kulipwa, ndiyo maana nyumba yake inachorwa X ya kijani. Nyekundu ni wa kubomoa mwenyewe. Sasa mwenye nyumba anaijua hiyo? Anaona X tu, anapandisha presha. Nilimkuta mama mmoja kashaezua bati zake, na X yake ni ya kijani. Tangu siku ile naingia kila nyumba na futi kamba, tunapima naye akishika ncha ya pili.

Force akaunti
Darasa la shule ya msingi. Mjumbe wa kamati ya mapokezi, inayokagua vifaa vikiletwa, mama muuza mboga, alikataa kusaini lori la mchanga: "Huu una udongo." Nilimkasirikia sana. Alikuwa sahihi.

Wa Sombetini
Mleta mada, meku alisema kalavati la ukubwa gani?

Mleta mada
Mchoro ulisema milimita 600, yeye akapima kwa fimbo yake, ikawa kama 900. Tukaweka 900. Masika yaliyofuata lilijaa hadi mdomoni.