Mrejesho: Vocha ya nyumba, hatimaye tumehamia

Wakuu, narudi na mrejesho. Niliuliza nifanyeje na vocha ya Section 8 (msaada wa serikali wa kulipia kodi ya nyumba kwa wenye kipato kidogo) hapa Marekani, maana siku 60 za kutafuta nyumba zilikuwa zinayoyoma na wenye nyumba wananipiga chenga. Mkanishauri niombe kuongezewa muda kwa maandishi kabla hazijaisha. Nikaomba, nikapewa 30 zaidi. Asanteni sana.

Nyumba niliyoipenda kwanza ilikataliwa kwa sababu ya kodi. Kodi ikizidi kiwango cha mamlaka ya nyumba, ofisi inayotoa vocha, ziada ni juu yako, ila mwanzoni sehemu yako haiwezi kuvuka asilimia 40 ya kipato chako baada ya makato yanayoruhusiwa. Kwa hii ya sasa tunalipa kama asilimia 30, nyingine mamlaka ya nyumba inamlipa mwenye nyumba moja kwa moja.

Ukaguzi wa nyumba kabla ya kuhamia nao ulinitoa jasho. Mkaguzi alibonyeza king'ora cha moshi nje ya chumba cha watoto: kimya. Akaandika imefeli. Nilinuna, lakini usiku nikawaza wanangu wamelala pale, nikamshukuru kimoyomoyo. King'ora kikabadilishwa, akarudi, ikapita. Jumamosi tukahamia.

Msikabidhi nyumba mnayokaa kabla ukaguzi haujapita.