Prosesa niliyoiongezea kasi inachemka: nishushe kasi au nipake upya pesti ya kupitisha joto?

Wakuu habari zenu. Nina prosesa ya Core i5-9600K yenye hitisinki (chuma cha kuipoza) na feni moja ya milimita 120. Mfumo wa kupoza kwa maji sitaki hata kuusikia karibu na mashine yangu. Nimeipandisha hadi gigahazi 4.8 kwa volti 1.30. Kwenye magemu inatulia nyuzi 70, ila nikiipa jaribio la mzigo mzito, dakika kumi tu inagusa 93, na kiini kimoja cha prosesa kinavizidi vingine kwa nyuzi 9. Nikishusha hadi volti 1.25, mashine inakwama kwa skrini ya bluu. Najua ikifika 100 inajipunguza kasi yenyewe, lakini sitaki kuishi ukingoni. Hicho kiini kimoja ndicho kinachonitia shaka: pesti niliipaka harakaharaka, na skrubu moja iligoma kukaza vizuri. Nifungue hitisinki, au nirudi 4.7 kwanza?