Eti niirudishe asetonitrili "kama ilivyoingia"

MKEMIA WA RASKAZONE (mleta uzi)
Waungwana wa Tanga, nimetoka dirishani pale forodhani sasa hivi na mikono bado inanitetemeka. Mhusika simtaji, kwa kuwa hakuna aliyewahi kupitisha hata kopo la rangi mjini hapa asiyemfahamu: ni yule ambaye ukimsalimia, atataka salamu hiyo iambatanishwe na barua ya utangulizi.

Maabara yetu inachunguza jinsi dawa mseto za malaria zinavyostahimili joto na unyevu wa pwani. Tuliagiza asetonitrili na methanoli, ambavyo ni vimiminika vya kuyeyushia, pamoja na artemetheri safi (dawa ya malaria) ya kulinganishia, na ofisi hiyo hiyo ikatushauri kwamba, kwa kuwa mradi ni wa muda, tutumie utaratibu wa uingizaji wa muda, yaani kuingiza vitu bila ushuru kwa ahadi ya kuvitoa tena nchini, chini ya kifungu cha 117 cha Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Tukaweka dhamana, tukafanya kazi, na leo nimekwenda kufunga jalada nikiwa na daftari linaloonyesha kila mililita ilikokwenda.

Hakulifungua. Alinitazama, akachungulia nyuma yangu kana kwamba nimeficha pipa mgongoni, akasema mbele ya foleni nzima: "Kemikali ziko wapi? Zilete kama zilivyoingia."

Kama zilivyoingia! Asetonitrili hupita katika mashine ya kromatografia, ile ya kutenganisha viambato vya dawa, ikiwa imebeba sampuli, na ikitokea upande wa pili ni taka yenye sumu. Ni sawa na kumlisha mgeni pilau kisha kumdai mchele mlangoni. Nilipomweleza kwamba kilichobaki ni taka, alinijibu kwamba basi niisafirishe hiyo taka, utadhani Mkataba wa Basel wa 1989 unaodhibiti usafirishaji wa taka hatari kati ya nchi haupo, na kwamba kuna nchi inayongoja kwa hamu madumu ya sumu kutoka Tanga bila kuombwa ridhaa yake kwa maandishi. Kisha akarudia, taratibu, kwa sauti ya kumfundisha mtoto wa chekechea: "Kama zilivyoingia, dada." Foleni ikacheka. Mlinzi akacheka. Nina hakika hata ile feni iliyokufa tangu enzi za Mjerumani ilizunguka mara moja kwa furaha.

MZEE WA NGAMIANI
Pole mwanangu, lakini kahawa imenipalia kwa kicheko. Kifungu hicho ni cha mitambo na vitu vya maonyesho, yaani vitu vinavyokuja, vikatumika na kuondoka ndani ya miezi 12 vikiwa na umbo lake. Wewe uliahidi kurudisha kitu kinachokwisha, halafu unashangaa ukidaiwa?

MKEMIA WA RASKAZONE
Shikamoo mzee wangu. Ushauri ulitoka kwao, si kwangu. Na hata ningekuwa na hatia ya kuuza methanoli gengeni, je, hayo ndiyo maneno ya kumwambia mtu mzima mbele ya foleni? "Kama zilivyoingia"?

WAKALA WA MABAWA
Ndugu mleta uzi, mimi kazi yangu ni kutoa mizigo, na sijapata kuona kichekesho kama hiki. Katika Ushuru wa Pamoja wa Forodha wa Jumuiya, sehemu kubwa ya kemikali za sura ya 29, ambamo asetonitrili na methanoli zimo, inatozwa asilimia 0. Kwa maneno mengine, mliomba msamaha wa ushuru wa sifuri. Kilichokuwa kikiwabana ni VAT ya asilimia 18. Kama mngekuwa hospitali, mngeangalia pia Jedwali la Tano la sheria hiyo ya forodha, linalosamehe ushuru wa forodha (si VAT) kwa vitendanishi, yaani kemikali za kupimia magonjwa, ingawa utafiti wa dawa si upimaji wa magonjwa, na hapo ndipo watafiti wengi hukwama.

MKEMIA WA RASKAZONE
Sikuja hapa kujadili asilimia. Nimekuja kujadili "kama zilivyoingia".

MWANAMAABARA WA BOMBO
Nyinyi mna bahati kwamba mzigo wenu unavumilia jua. Sisi tuliagiza vimeng'enya vya kuhifadhiwa kwenye baridi kali, vikakaa vikisubiri saini moja mpaka barafu kavu ikaisha yote. Tulipokabidhiwa boksi, ndani mlikuwa na uvuguvugu na stakabadhi ya gharama za kuhifadhiwa. Wenu angalau ulifika maabara.

MPIGA FIDLA
Naomba mnisikilize na mimi. Kikundi chetu cha taarabu kilialikwa harusini Mombasa. Tulipokuwa tukirudi, mpakani tulitakiwa kuthibitisha kwamba fidla ile ilitoka Tanzania, na haikununuliwa huko, ilhali marehemu babu yangu aliipiga Chumbageni kabla huyo mwulizaji hajazaliwa.

WAKALA WA MABAWA
Kaka, hukujaza fomu ya utoaji wa muda ulipokuwa ukitoka?

MPIGA FIDLA
Niliijaza. Nikaambiwa fidla haifanani na maelezo, kwa sababu niliandika "ya kahawia" na kulikuwa na kiza.

MZEE WA NGAMIANI
Hii ya fidla imeipiku ya kemikali.

MKEMIA WA RASKAZONE
Jamani, dhamana yangu bado imeshikiliwa!

MWANAMAABARA WA BOMBO
Kaka wa fidla, uliandika namba iliyo ndani ya fidla au ile ya mkoba wake? Yetu ya hadubini walikataa kwa sababu ya mkoba.