Nimekuta praima kwenye stoo ya marehemu mjomba, nifanyeje?

Mama Wawili: Wakubwa, naombeni ushauri. Tunasafisha nyumba ya marehemu mjomba huku Lang'ata, inauzwa. Alikuwa mwindaji kabla uwindaji haujapigwa marufuku 1977, na risasi zake alikuwa akizijaza mwenyewe. Nyuma ya cherehani nimekuta kopo la Kimbo limejaa vikombe vidogo vya madini, kila kimoja kama punje ya ndengu. Kaka yangu ana leseni ya bastola. Anasema ni praima, vile viwashio vya risasi, tusitupe, atajifunzia kujaza risasi nyumbani. Akalitikisa kopo huku akicheka. Watoto wangu wako sebuleni.

Mlenga Shabaha: Dada, hapo pa kutikisa nimeacha chai. Ndani ya kila kikombe kuna dawa inayolipuka ikigongwa. Hiyo ndiyo huwasha baruti. Baruti yenyewe ikiwa wazi huungua tu, praima hulipuka. Zikirundikwa pamoja, moja ikishika, zote huenda kwa mpigo mmoja. Ndiyo maana kiwandani hupangwa kwenye trei, kila moja na kishimo chake. Anayeijua kazi hii hamimini praima kwenye kopo (mjomba anisamehe). Anayejifunza huanza na mpya, kwenye pakiti yake, miwani machoni.

Otis wa Dago: Si uloweke tu kwa mafuta ya taa? Zitakufa.

Mlenga Shabaha: Usimdanganye. Zingine hazipenywi na mafuta, na iliyolowa ikikauka yaweza kuwaka. Wala usichome na takataka.

Afande Mstaafu: Toa watoto nje, funga stoo, usiguse tena. Piga 999 au 112, sema umepata vilipuzi vya zamani. Usilibebe kwa gari hadi kituoni, matuta ya huko unayajua. Na kaka aelewe: Sheria ya Silaha, Sura ya 114, hairuhusu kukaa na risasi bila cheti, na kopo la marehemu halimo kwenye cheti chake.

Nesi Shiru: Mlioligusa mnawe kwa sabuni kabla ya kula. Dawa ya praima nyingi ina risasi, ile metali, si ya bunduki.

Mama Wawili: Wamekuja, wamelichukua. Kaka amenuna. Askari ameuliza kama mjomba alikuwa na kopo lingine, nikakumbuka dari. Sasa tuko kwa jirani, tunasubiri ashuke.