Mrejesho: menyu yangu na zile h3

Wakuu, narudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kama kuna ubaya kuweka kila kiungo cha menyu ndani ya h3, alama ya HTML ya kichwa cha habari cha ngazi ya 3, kwenye tovuti ya nyumba ya wageni ninayoitengeneza hapa Mbeya. Sababu yangu ilikuwa moja tu: maandishi yanatoka manene bila kugusa CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa. Uvivu, nakiri.

Mkaniambia niisikilize menyu badala ya kuitazama. Nikashusha NVDA, programu ya bure inayowasomea wasioona yaliyo kwenye skrini, nikafumba macho nikaanza kubonyeza H, kitufe kinachoruka kutoka kichwa cha habari kimoja hadi kingine. Nyumbani. Vyumba. Chakula. Safari. Picha. Bei. Mawasiliano. Vichwa saba, vyote ngazi ya 3, na h1, kichwa kikuu cha ukurasa, bado sijaifikia! Kila ukurasa wimbo ni ule ule.

Sasa menyu iko ndani ya nav, alama ya eneo la menyu, viungo vimepangwa kwa ul na li, alama za orodha, unene umehamia CSS. NVDA inatangaza orodha ina vitu vingapi, kitufe cha D, kinachoruka kati ya maeneo makuu ya ukurasa, kinampeleka mtu menyuni, na H ya kwanza inatua kwenye h1. Kwa kuwa kuna menyu nyingine chini ya ukurasa, kila moja nimeipa jina kwa aria-label, jina ambalo NVDA inalisoma ingawa halionekani kwenye skrini. Aliyeshauri kichwa kimoja cha h2 juu ya menyu, kilichofichwa machoni lakini kinachosomwa na NVDA, hakukosea, nayo ni njia inayofaa. Mimi nimependa njia fupi, hiyo ya aria-label.

Mwenye nyumba hajaona tofauti yoyote. Kaniuliza tu mbona picha ya Ziwa Ngozi haijawekwa.