Plagi za iridiamu kwenye IST: kuna nguvu inaongezeka au ni biashara?

Baba Wawili wa Chanika:
Wakuu, wakubwa shikamooni. Nina IST ya 2004, injini ya 1NZ, cc 1,500. Kila siku Chanika–Kariakoo kwenda na kurudi, na foleni ya Gongo la Mboto mnaijua. Zamani lita moja ilinipeleka kilomita 13, siku hizi 10 na ushee. Kupanda Pugu na AC nimewasha, gari linatetemeka kama lina homa. Muuza spea mmoja Gerezani kanishikia plagi za iridiamu, elfu 35 moja, zote nne laki na arobaini. Eti "gari litakuwa jepesi, mafuta utayasahau". Aliyejaribu aniambie ukweli kabla sijatoa hela.

Kijana wa Ruti:
Weka mkuu. Mimi niliweka, gari likawa ndege!

Fundi Mkongwe:
@Kijana wa Ruti, ulizotoa zilikuwa zimetembea kilomita ngapi?

Kijana wa Ruti:
Zilizokuja nalo kutoka Japani. Laki na kitu.

Fundi Mkongwe:
Basi hata ungefunga za kawaida lingepaa.

Baba Wawili, plagi ni kibiriti. Ukiwasha mkaa kwa kibiriti cha bei mbaya, ugali hauivi mapema. Iridiamu inayeyuka kwenye nyuzi joto 2,446, nikeli 1,455, ndiyo maana ncha yake wanaifanya nyembamba kama sindano na bado haiishi haraka. Unachonunua pale ni muda: hufungui tena mpaka karibu kilomita 100,000, wakati za nikeli, yaani za kawaida, ni 20,000 hadi 30,000 hivi. Nguvu za farasi haziongezeki.

Plagi ikichoka ndiyo inakula mafuta. Ncha inalika, pengo ambalo cheche inaruka linapanuka. Kwenye 1NZ pengo ni milimita 1.1. Likifika 1.4 au 1.5 koili, ile inayopeleka umeme kwenye plagi, inahangaika, cheche inakosa, petroli inatokea eksozi bila kuungua. Ukifunga mpya unarudishiwa ulichokuwa umepoteza, basi. Ila namba ya joto, inayoonesha plagi inavyopoteza joto, iwe ile ile ya kiwandani, usikubali "hizi zinafanana".

Usinunue kitu kwanza. Injini ikiwa baridi (silinda hedi, pale plagi zinapofungwa, ni alumini, nyuzi za skrubu zikiliwa utalia), toa zote nne, zipange juu ya gazeti kwa mpangilio wa silinda, tuoneshe.

Baba Wawili wa Chanika:
Nimetoa leo asubuhi. Ya kwanza, ya pili na ya nne zina rangi ya biskuti, ila pengo limeachia. Ya tatu imelowa oili, na mpira wa koili yake umevimba.

Fundi Mkongwe:
Oili iko wapi, nchani au nje, juu ya nyuzi?

Baba Wawili wa Chanika:
Nje. Ncha kavu, nyeusi kidogo. Shimo lenyewe lina kidimbwi, nimezamisha kitambaa kikatoka kinachuruzika.

Fundi Mkongwe:
Afadhali. Ingekuwa nchani tungeanza kuongelea ringi za pistoni. Hiyo ni gasketi ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, mpira wa shimo la plagi umekauka. Cheche inapita kwenye mpira uliovimba badala ya kushuka nchani. Hapo ungefunga hata plagi za dhahabu, homa ingebaki palepale. Koili ipanguse, mpira wake ubadilishe, koili yenyewe usiitupe bado.

Baba Wawili wa Chanika:
Mrejesho baada ya wiki mbili. Gasketi na mpira wa koili elfu 25, plagi nne za kawaida elfu 32, ufundi 20. Jana Pugu nimepanda na AC, watu wanne ndani, halijatetemeka. Nimejaza pampu ile ile mara mbili nikapiga hesabu: 12.6 kwa lita. Muuza spea kanipigia kuuliza kama bado nazitaka zile zake. Nimemwambia elfu 63 iliyobaki mama watoto keshaiona kwenye simu.